Fahamu: Looaa na slufay, imani ya Wairaqw ndani ya Ukatoliki

Huko Cuba, watumwa wa Kiyoruba walimheshimu mungu wao Changó kupitia Mtakatifu Barbara, ambaye sikukuu yake ni Desemba 4. Hiyo ndiyo Santeria, dini iliyochanganya miungu yao na watakatifu wa Kikatoliki. Huko Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, mambo yalikwenda kwa njia nyingine.

Kabla ya misheni, Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walimjua Looaa: mama muumba, mwenye huruma, anayehusishwa na jua. Ukatoliki, ambao Jimbo lake la Mbulu lilianzishwa mwaka 1953, haukumfukuza. Waumini humwita Mungu kwa jina hilohilo. Wasiopata nafasi kanisani ni neetlaamee, roho wa chemchemi na mito, wanaoogopwa kwa kuleta maradhi.

Kilicho hai zaidi ni slufay. Mkutano au sherehe ikifika mwisho, mzee huanza kuomba: mvua inyeshe, ng'ombe waongezeke, watoto wakue, maradhi yapite mbali. Kila anapovuta pumzi, waliohudhuria huitikia kwa pamoja. Ni utenzi wa kunenwa, na ufundi wake hupatikana kwa kuwasikiliza wakubwa miaka mingi. Kuuita mabaki ya upagani ni kuwaonea wazee hawa, ambao wengi wao Jumapili wako kanisani.