Je, Wajua? Bendi Iliyoanzia Shuleni
Je, wajua kwamba wanamuziki wa bendi ya Sauti Sol, ambao nyimbo zao zimetikisa matatu za Komarock na Eastlands nzima jijini Nairobi, chimbuko lao ni shule ya upili? Waimbaji wake Bien, Savara na Chimano walikutana Upper Hill School, Nairobi, wakiimba bila ala katika kundi la Voices in the Light. Mwaka 2005 Polycarp Otieno akaja na gitaa lake, bendi ikakamilika: sauti tatu na nyuzi sita. Albamu ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008. Mwaka 2014 walinyakua tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika. Tamasha lao la kuagana lilifanyika Novemba 2023. Mwanafunzi, usidharau kikundi cha muziki cha shule yako!