Surua Ijifichayo Ubongoni

Miongoni mwa maradhi adimu ya utotoni yanayoanza kwa kugeuza tabia kabla ya kuudhoofisha mwili, umo ugonjwa mmoja ambao asili yake ni surua. Nayo surua yenyewe aghalabu imekwisha kusahauliwa, kwa kuwa ilimpata mtoto akali mchanga, ikampa homa na vipele, ikaondoka, naye akakua na kucheza na wenzake kwa miaka sita, minane, hata kumi, pasipo mtu kutambua kwamba virusi vimesalia ubongoni mwake.

Kisha mtoto hubadilika. Aliyekuwa hodari wa hesabu husahau alichofundishwa juzi. Aliyekuwa mpole huwa mkali, au hujitenga na kulia bila sababu. Pengine huona na kusikia visivyokuwapo. Mwalimu humwita mvivu, baba hushika bakora, jamaa hunong'ona habari za majini, na hata tabibu, asipouliza habari za surua ya zamani, huweza kumhesabu kuwa ni mgonjwa wa akili tu. Ni kweli kwamba watoto walio wengi wanaogeuka tabia hawana maradhi haya. Lakini ile bakora yanihuzunisha mno, maana apigwaye hakutenda kosa lolote.

Baada ya majuma au miezi, viungo huanza kushtuka ghafla, tena na tena, kikombe kikamponyoka mkononi au yeye mwenyewe akaanguka. Hapo kipimo cha umeme wa ubongo huonyesha mawimbi makubwa yanayorudi kwa vipindi, na katika maji ya uti wa mgongo huonekana kingamwili nyingi za surua. Tabibu Dawson wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933, akashuku virusi. Ikapita miaka zaidi ya 30 ndipo ikathibitika kuwa ni vya surua.

Dawa ziko za kutuliza mishtuko, na nyingine za kuchelewesha maradhi kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ya kuyaponya haijapatikana, na wengi hufariki katika miaka michache. Walio hatarini zaidi ni wale waliougua surua kabla ya kutimiza miaka 2. Kenya na Tanzania chanjo ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na tena atimizapo 18. Kwa hiyo mtoto wa miezi mitano hana kinga ila ile aliyorithi kwa mamaye, ambayo hupungua siku hata siku, na ile apatayo kwa kuwa ndugu zake na watoto wa jirani wamekwisha kuchanjwa.