Gemu Mbili kwa Moja, Mbogi Inakesha

Ndai haina mguu, haina kichwa, lakini kwa Rocket League ndio inapiga boli. Uwanja ni wa nyasi, goli ziko mbili, mechi ni dakika 5, na wachezaji wote ni magari. Unachoma busti, unaruka, unageuza ndai hewani, unagonga boli na boneti, inaingia kona ya juu. Psyonix, studio ya San Diego, walijaribu hiyo form mara ya kwanza mwaka wa 2008 kwa PS3, wakaipea jina la kuchosha ulimi: Supersonic Acrobatic Rocket-Powered Battle-Cars. Haikusikika sana. Wakakaa nayo, wakaisafisha, na Julai 2015 ikarudi na jina fupi, dunia yote ikaingia boksi.

Kuna wasee hudhani gemu ya mchanganyiko ni kuweka tu vitu viwili pamoja na kungoja vipendane. Zii. Kwa Rocket League busti huisha. Ikiisha, lazima uwache boli uende uokote ingine chini, na zile kubwa za kujaza tangi ziko 6 tu kwa uwanja mzima. So kila saa unachagua: nifuate boli ama nitafute busti kwanza? Kuendesha ndiko kunaamua boli, na boli ndio inaamua utaendesha kwenda wapi. Ukitoa moja, ingine inakufa hapo hapo. Hicho ndicho kipimo changu cha mchanganyiko: kila upande upatie mwenzake kazi.

Na si tumekulia ndani ya mchanganyiko bila kujua! Ingia kibanda chochote cha PS huku Eastlands. Mabati, mabenchi mawili, skrini imefungiwa ndani ya kajumba ka chuma, padi zimeshikwa mpaka mpira wa analogi umeisha ukabaki plastiki, na msee wa base amekaa kando na kadaftari akiandika nani amelipa mbao yake na nani anangoja. Mayut wanapiga FIFA. Tangu Septemba 2023 jina lake ni EA FC, lakini mtaani bado ni FIFA tu, na itakaa hivyo.

Sasa ile Ultimate Team yake ilikuja Machi 2009, kitu ya kuongezwa juu ya FIFA 09. Hiyo si boli peke yake, ni boli na mchezo wa kukusanya kadi. Unafungua paketi, unapata wachezaji, unawapanga venye wanaelewana: wa nchi moja wakikaa karibu, ama wa ligi moja, timu inashikana. Kadi inaamua nani anaingia uwanjani, na uwanja ndio unakupatia koini za kununua kadi ingine. Kwa kipimo changu, inapita. Lakini iko na mlango wa nyuma, na huo mlango unaingia kwa mfuko. Ukiwa na doh unanunua pointi, pointi zinanunua paketi, na ndani ya paketi hujui utapata nani. Mwaka wa 2018 Ubelgiji ilisema aina hiyo ya paketi ni kamari, na Januari 2019 EA wakawacha kuuza hizo pointi huko. Mi niko upande wa Ubelgiji kabisa. Hapa kwetu tumeona mabeste wakimaliza doh ya rent kwa beti. Hatuhitaji mlango mwingine wa kupoteza ganji, tena ndani ya gemu yenye mtoto wa darasa la tano anacheza.

Cheki tofauti na Balatro. Hii gemu ilitoka Februari 2024, na ilijengwa na msee mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, hataki sura yake ijulikane. Amechukua poka, ile ya karata, akaichanganya na zile gemu zenye ukifa unaanza upya kabisa na kila kitu kimebadilika. Wacha nikuonyeshe kwa karibu, juu hapa ndio utamu uko.

Umeshika kadi 8. Unachagua 5, zote za kopa: A, K, 9, 5 na 2. Hiyo ni flashi, na flashi inaanza na pointi 35, mara 4. A inaongeza 11, K inaongeza 10, halafu 9, 5 na 2. Jumla 72. Mara 4 ni 288. Raundi ya kwanza inataka 300, so mkono mmoja haujatosha, lazima upige mwingine. Umepita. Unaingia duka, unanunua Joker ya kawaida, ile inaongeza 4 kwa ile namba ya kuzidisha. Raundi ya pili inataka 450. Unapiga mkono ule ule wa kopa: 72 mara 8. Ni 576. Umemaliza raundi na mkono mmoja! Na Joker ziko 150, kila moja na tabia yake, na duka halikuonyeshi zile zile kila siku. Kuna ingine inapenda kadi za kopa, ingine inapenda kadi zenye sura, ingine inakua kila ukiuza mwenzake. Karata inauliza umeshika nini, duka linauliza unataka kuwa nani mbele ya safari. Upande mmoja unapatia mwenzake kazi.

Kwa mwezi wa kwanza Balatro iliuza kopi zaidi ya milioni 1, na kufika Januari 2025 ilikuwa imepita milioni 5. Desemba 2024 ilibeba zawadi tatu kwa The Game Awards. Na ukishainunua, hakuna shilingi ingine inaingia, hakuna paketi, hakuna beti. Hata hivyo Ulaya waliipatia alama ya miaka 18 juu tu ina sura ya poka, wakati EA FC na paketi zake za doh ilikuwa imepewa 3. Februari 2025 ndio walikuja kuishusha Balatro mpaka alama ya miaka 12. Hiyo hesabu ya kwanza inaniuma mpaka leo.

Sasa, gemu ya aina hii ndio imezaliwa kwa strimu ya masaa mingi. Mtu akiingia saa nne usiku anakuta safari moja, akirudi saa tisa anakuta ingine, na hajapitwa na kitu cha kumfanya asielewe. Chati nayo inafanya kazi: nunua hii, uza ile, usiguse hiyo! Mchezaji mmoja kwa padi, watu elfu kadhaa kwa mdomo.

Lakini kuna kitu moja inanisumbua kwa hiyo hoja, na inaitwa Desert Bus. Ilitengenezwa miaka ya tisini kwa gemu ya wale wasanii wa mazingaombwe, Penn na Teller, ikakosa kutoka rasmi. Unaendesha basi tupu kutoka Tucson mpaka Las Vegas. Jangwa mpaka mwisho. Masaa 8 ya ukweli, spidi haipiti maili 45 kwa saa, na basi linavuta kulia kidogo, so huwezi funga padi na kamba uende ukalale. Ukifika unapewa pointi 1. Haijachanganywa na kitu chochote. Na bado, tangu 2007, kikundi cha vichekesho cha LoadingReadyRun kutoka Victoria, Kanada, kinaiendesha kila mwaka kwa shifti, mchana na usiku, kuchangia Child's Play, shirika linalopelekea watoto hospitalini vitu vya kuchezea na gemu. Watu wakichanga zaidi, basi linaenda zaidi. Wanaimba, wanapiga mnada wa vitu, wanatii maombi ya watazamaji. Hapo gemu imechanganywa na watu wenyewe. Kwa hivyo kipimo changu kinasimama, ila lazima nikipanue kidogo: watazamaji nao ni upande mmoja wa mchanganyiko.

GDQ ndio wameiva zaidi kwa hii kitu. Jina kamili ni Games Done Quick, na kazi yao ni kumaliza gemu mbio kuliko venye mtengenezaji aliwahi kufikiria. Januari 2010 walipanga kuifanyia kwa kongamano la MAGFest, intaneti ikakataa, wakahamia kwa keja ya mathe wa mwanzilishi wao, Mike Uyama, wakajipanga bezimenti. Walitoka na zaidi ya dola 10,000 za shirika la CARE. Miaka 12 baadaye, ile ya Januari 2022 peke yake ilivuka dola milioni 3.4 za Prevent Cancer Foundation. Ile ya katikati ya mwaka hupelekea Madaktari Wasio na Mipaka. Ni wiki nzima, masaa 24, lakini hakuna msee anakaa kwa padi wiki nzima. Mmoja anamaliza, anainuka, mwingine anakaa. Nyuma yake kuna kochi, na kwa kochi kuna mabeste wanaoeleza kila ujanja, ndio hata wewe hujawahi shika hiyo gemu ubaki rada.

Kuna pahali mwisho wa Super Metroid sayari inalipuka na una dakika 3 tu za kutoroka. Kando ya njia kuna wanyama. Ukiwaokoa unapoteza muda, ukiwaacha rekodi inakuwa nzuri. GDQ waliamua watazamaji wachague kwa doh: okoa ama waache. Hiyo vita imechangisha pesa mob mwaka baada ya mwaka, na ni harambee kabisa, ile ya mwenyekiti kuita meza hii dhidi ya meza ile mpaka mifuko ifunguke.

Halafu kuna ile hunibamba kuliko zote. Wataalamu walichukua Super Metroid ya 1994 na A Link to the Past, ile Zelda ya SNES ya 1991, wakazishona zikawa gemu moja, vitu vyote vimechanganywa ovyo. Moja ni ya mwanamke na bunduki sayari ya mbali, ingine ni ya kijana na upanga kwa ufalme wa zamani. Milango fulani ya gemu moja inakutoa ndani ya ingine. Upanga wako unaweza kuwa umefichwa chini ya lava huko kwa Metroid, na kombora lako liko ndani ya sanduku kwa kijiji cha Zelda. Mchezaji hawezi kukariri njia, lazima afikirie dunia mbili kwa wakati mmoja, na kochi inafikiria naye kwa sauti.

Na sisi wa Nairobi tuko na bahati ya saa. Siku hizi ile ya Januari hufanyiwa Pittsburgh na ya katikati ya mwaka Minneapolis, na mara zote mbili tuko mbele yao masaa 8. Gemu za ajabu ajabu, zile mbaya za makusudi, huwekwa usiku wao wa manane. Saa tisa yao ya usiku ni saa tano yetu ya asubuhi. Weka picha ya chini kabisa bando isikuhepe, na utakuwa macho freshi wakati Marekani inasinzia.

Upande mwingine wa hii risto ni strimu ya mtu mmoja. Machi 2021 Ludwig Ahgren aliwasha saa: kila mtu akilipia usajili, sekunde zinaongezeka. Ilikuja kuzimika Aprili, siku 31 baadaye, na amelala mbele ya kamera usiku baada ya usiku. Alifunga na usajili zaidi ya 280,000, rekodi ya Twitch wakati huo. Mei 2024 Kai Cenat naye alijifungia na Elden Ring, akafa ndani ya gemu zaidi ya mara 1,600 kabla aimalize, strimu ikipita masaa 160. Hawa wasee wanaheshimika, na Ludwig alilala, Kai pia alilala. Shida ni mayut wenye wanaiga wakidhani siri ni kutolala. Ukikaa macho masaa 24, akili yako inafanya kazi ka ya mtu amelewa. Mikono inachelewa, hasira inapanda, na watazamaji wanaangalia mtu akiumia. Hiyo si gemu tena.

Sisi tuko na kitu bora, tayari kwa simu. Kila mtu ako kwa grupu moja ya WhatsApp ya mchango: bili ya hospitali, orodha inakopiwa na kubandikwa, jina na kiasi, jina na kiasi, mpaka tagi ifike. Mbogi ikitaka kukesha na gemu, ianzie hapo. Mchukue masaa 12, si 24. Mnunue tokeni ya stima mapema na muwe na bando ya akiba kwa simu ya pili. Kila msee masaa mawili kwa padi, akitoka anadishi na kulala, na asirudi kabla ya shifti tatu kupita. Namba ya till ikae kwa skrini usiku wote, kubwa, isomeke na mtu mwenye simu imepasuka kioo. Jioni wekeni Rocket League, tatu kwa tatu, watazamaji wachange kuchagua nani anacheza na nani. Usiku wa manane wekeni Balatro, na mseme wazi: soo moja kwa till, unatuchagulia Joker. Kukipambazuka, msee wa mwisho asome jumla mbele ya kila mtu, apige skrinshoti, aitume kwa familia yenye bili kabla mzime kamera.