Kukodi Gari na Dereva kwa Safari ya Siku Moja: Londiani hadi Kericho
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi reli ya Uganda ilivyoukwea ukingo wa Mau, ikapita Londiani na kufika Port Florence, Kisumu ya leo, mnamo Desemba 1901. Tuliona pia jinsi mizigo ya Uasin Gishu ilivyokuwa ikishukia Londiani kabla ya reli ya Eldoret kujengwa katika miaka ya 1920. Leo tunaingia barabarani. Wasafiri wetu ni familia: baba, mama, nyanya na watoto waliofunga shule. Wamekodi gari la viti saba pamoja na dereva wake ili washinde Kericho kwenye mashamba ya chai na kurudi Londiani kabla ya giza. Safari yenyewe inaonekana ndogo, lakini inapita katika barabara iliyoua watu wengi, na anayebeba uzito wake ni mtu ambaye familia nyingi humkumbuka wakati wa kumlipa tu.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena lilishindwa kudhibitiwa likiwa Londiani Junction. Liligonga magari, pikipiki, wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara na watu waliokuwa wakingoja matatu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Upande wa Nakuru, kipande cha Salgaa hadi Sachangwan kina historia kama hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana huko na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ajali hizi zina sababu mbalimbali, ila ardhi ya huku haisamehe kosa. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka huko kuelekea Kericho huteremka kwa masafa marefu huku kona zikifuatana.

Mteremko mrefu huchosha breki, na inafaa kila abiria mtu mzima aelewe kwa nini. Dereva anapokanyaga breki, mwendo wa gari hugeuka joto kati ya pedi na diski. Kwenye tambarare joto hilo hupoa mara moja. Kwenye mteremko wa kilomita nyingi hurundikana, pedi hupoteza mshiko, na joto likizidi hata mafuta ya breki huchemka, kukatokea mapovu ya mvuke ndani ya mirija. Hapo pedali hulegea na kuzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Dawa yake madereva wa malori waliijua kabla ya wengi wetu kuzaliwa: teremka kwa gia ile ile ambayo ungetumia kuukwea mlima huo, injini ilizuie gari, breki uiguse na kuiachilia. Hata gari la gia za kujiendesha lina nafasi ya gia ya chini karibu na mkono wa dereva.

Basi mama akisema, “Dereva, tumechelewa, ongeza kidogo,” naye akajibu, “Mama, hapa tushuke pole pole,” mazungumzo yaishie hapo. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kukodi dereva. Familia inalipia gari na mafuta, lakini pamoja na hayo inalipia uamuzi wa mtu anayeijua barabara. Ukimnyima haki ya kusema hapana, umelipia nusu ya huduma, na nusu uliyoiacha ndiyo inayowalinda watoto.

Tukirudi nyuma hadi siku ya kukubaliana, kuna mambo ya kukagua kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Inama utazame gurudumu. Ubavuni mwake, mwishoni mwa mstari wa herufi na namba, kuna kijisanduku chenye tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata isipotembea, hukauka na kupasuka nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, kwa hiyo gurudumu lenye meno marefu laweza kuwa bovu. Tazama na lile la akiba, maana ndilo linalosahaulika zaidi.

Kisha uliza bima. Gari la binafsi lenye bima ya matumizi ya binafsi haliruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, na likipata ajali katika safari ya kukodiwa, kampuni ya bima ina njia ya kukataa madai. Gari la kukodishwa linahitaji bima ya uchukuzi wa abiria, naye dereva awe na leseni inayomruhusu kubeba abiria. Mwombe akuonyeshe vyote viwili. Dereva wa kweli hachukii kuulizwa. Mara nyingi anavyo tayari mfukoni. Mikanda nayo ihesabiwe, mmoja kwa kila mtu. Masharti yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, yalilazimisha mikanda na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria, na bado tunaona familia ikimpakata mtoto wa miaka sita kwa sababu jamaa mmoja ameongezwa asubuhi ya safari. Jamaa huyo abaki, au likodiwe gari kubwa zaidi.

Saa ya kuondoka hupangwa na Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuijaza nafasi hiyo. Upepo huo hukutana na ule wa mashariki juu ya miinuko yetu, hewa hulazimika kupanda, hupoa, na mawingu hufumuka. Ndiyo maana Kericho asubuhi huwa kweupe na alasiri hunyesha, mara nyingi kwa radi na mvua ya mawe. Chai hupenda hali hii kwa kuwa udongo haukauki. Msafiri hana budi kuifuata: atoke Londiani mnamo saa moja asubuhi, ukungu ukiwa unaanza kuinuka, na aanze kurudi kabla ya saa tisa. Mvua ikiwakuta njiani, dereva aingie kwenye kituo cha mafuta au uwanja wowote ulio mbali na lami, asubiri. Kuegesha ukingoni mwa barabara wakati malori yanateremka bila kuona vizuri ni hatari kuliko kuendelea kutembea.

Kutoka Junction njia hupita Kedowa na Chepseon, mashamba ya viazi na kabichi yakipungua na chai ikiongezeka. Kituo cha kwanza kiwe Chagaik, kabla ya kufika mjini, penye bustani ya miti iliyoletwa kutoka nchi nyingi na bwawa pembeni. Watoto wakimbie huko hadi wachoke.

Wengi hutaka kupiga picha katikati ya chai, na dereva mwenyeji huwa na faida kubwa hapo. Mashamba makubwa ni ya makampuni na hayaingiliwi bila ruhusa, lakini wakulima wadogo ni wengi, wale wanaouza majani yao kupitia shirika la KTDA lililoanzishwa mwaka 1964. Dereva akisalimu “Chamgei” langoni na kueleza haja yenu, mara nyingi mtakaribishwa. Mwambieni mwenye shamba awaonyeshe watoto kinachochumwa: majani mawili machanga na chipukizi lake, yakikatwa kwa vidole bila kuvuta, mkono ukirusha kikapuni mgongoni bila macho kugeuka.

Wakubwa wasiwafiche watoto historia ya ardhi hiyo. Chai ya biashara kubwa ilianza Kericho katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyeji waliondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, hadi Gwassi karibu na ziwa, mahali pa mbu na malale. Madai ya fidia yanaendelea hadi leo, na mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu jambo hili. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuuona uzuri wa kijani kile na kulielewa hili pia.

Chakula cha mchana ndipo tabia ya familia inapojulikana. Nimeona mara nyingi familia ikiingia hotelini na dereva akibaki garini na soda na mandazi. Mtu huyo huyo ataendesha kurudi, kwenye kona zile zile, alasiri, akiwa na njaa. Mjini Kericho kuna gurdwara kubwa ya Masingasinga, ya kumbukumbu ya Baba Puran Singh aliyeishi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, kisha huketi sakafuni katika mstari na kula chakula kisicho na nyama, bila malipo. Tajiri, fundi na dereva huketi mstari mmoja. Kama hamwendi huko, dereva akae meza yenu, apate mursik (maziwa ya mgando) na kimyet (ugali) kama ninyi, kisha aachwe nusu saa alaze kiti asinzie.

Makubaliano yote yaandikwe kwenye ujumbe wa simu siku moja kabla: saa ya kuondoka na ya kurudi, vituo, nani ananunua mafuta, chakula cha dereva, na malipo ya saa za ziada iwapo mvua itawachelewesha. Hicho cha mwisho kisipotajwa, dereva aliyechelewa atakuwa anakimbizana na hasara yake mwenyewe mteremkoni.

Sehemu ya tatu itafuata njia nyingine, ile ya kushuka kutoka Londiani kupitia Kipkelion hadi Fort Ternan, ambako Louis Leakey alipata mabaki ya Kenyapithecus wickeri ya takriban miaka milioni 14 na kuyatangaza mwaka 1962.