Krismasi haipimwi kwa mzigo uliouzwa: Hori ya Bethlehemu na mfanyabiashara wa mpakani

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA ni mwezi wa mavuno kwa anayeishi kwa kuvuka mpaka. Kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga, Mutukula, Rusumo na Gatuna, vitenge, viatu vya watoto, mchele, kuku, vitunguu na mafuta ya kupikia hutafutwa kuliko mwezi mwingine wowote. Asiyeuza Desemba, husema wenyewe, atauza lini?

Hakuna ubaya katika hilo. Sikukuu huhitaji chakula, na chakula huhitaji wa kukileta. Mama anayevusha magunia mawili ya mchele ili familia ya ng'ambo ipike pilau ana sehemu yake katika furaha ya siku hiyo. Swali linalowakabili Wakristo walio katika kazi hii ni jingine: je, ukishauza mzigo wote, ukafunga kibanda usiku wa tarehe 24 ukiwa hoi, imebaki Krismasi gani?

Makanisa mengi yamekuwa yakionya kwamba sikukuu imegeuzwa msimu wa manunuzi. Mara nyingi onyo hilo huelekezwa kwa mnunuzi. Muuzaji husahauliwa, ingawa ukiisoma habari yenyewe ya kuzaliwa kwa Yesu, utakuta imejaa mambo anayoyajua yeye kuliko wengi: safari, kodi, mipaka, kukosa pa kulala na bidhaa za mbali.

Safari iliyotokana na kodi

Kwa mujibu wa Injili ya Luka, Yosefu na Mariamu hawakwenda Bethlehemu kwa mapumziko. Kaisari Augusto alikuwa ameamuru watu waandikishwe, na uandikishaji wa namna hiyo katika dola ya Kirumi ulikuwa msingi wa kutoza kodi. Kutoka Nazareti hadi Bethlehemu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na mama alikuwa mjamzito. Walipofika, nafasi ya kulala hakuna. Mtoto akalazwa katika hori, chombo cha kulishia mifugo.

Mfanyabiashara aliyewahi kulala juu ya mzigo wake kwa kuwa kituo kimefungwa, au kwa kuwa karatasi moja imekosekana, haelezwi mara mbili maana ya habari hiyo. Imani ya Kikristo inasema kwamba Mungu aliingia duniani kupitia watu wa aina hiyo: wenye safari ya lazima, wasio na mtu wa kuwapigia simu ofisini.

Kuna jambo jingine dogo katika Luka ambalo hupitwa haraka. Siku 40 baada ya kujifungua, sheria ya Wayahudi ilimtaka mama atoe sadaka ya mwanakondoo. Asiyeweza kumudu aliruhusiwa kutoa njiwa au hua wawili. Mariamu na Yosefu walitoa ndege. Kwa maneno mengine, familia ambayo leo sikukuu yake inatukopesha fedha ilitoa sadaka ya maskini, wala haikuona haya. Haikukopa mwanakondoo ili majirani waone.

Injili ya Mathayo inaongeza kwamba baada ya hapo familia hiyo ilivuka mpaka usiku kuingia Misri, ikimkimbia Mfalme Herode aliyetaka kumuua mtoto. Wakristo wa Koptiki wa Misri hadi leo huadhimisha kufika kwa familia hiyo katika nchi yao. Katika ukanda wetu, ambako wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini wanaishi kwa majirani, hii ni habari ya karibu sana. Mtoto tunayemwimbia alikuwa mkimbizi kabla hajajua kusema.

Dhahabu, ubani na manemane

Mamajusi waliotoka mashariki walileta zawadi tatu: dhahabu, ubani (ambao Biblia zetu huuita uvumba) na manemane. Mfanyabiashara atatambua mara moja kwamba hizi zilikuwa bidhaa. Ubani na manemane ni utomvu wa miti unaogandishwa na kukaushwa, nao ulisafirishwa na misafara ya ngamia na vyombo vya baharini kutoka kusini mwa Arabuni na Pembe ya Afrika. Miti hiyo ingali inagemwa Somalia, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024. Anayeuza ubani sokoni leo anauza bidhaa ileile iliyotajwa Bethlehemu.

Lakini angalia zawadi hizo zilivyotolewa. Wageni wale hawakubadilishana zawadi na wenyeji. Hawakurudishiwa kitu. Walimpa mtoto wa nyumba isiyo na uwezo, kisha wakaenda zao kwa njia nyingine. Kwa maana ya Kikristo, zawadi ya Krismasi inaanzia hapo: kumpa asiyeweza kukulipa. Kikapu tunachompelekea mteja mkubwa au ofisa anayetugongea mhuri kina jina lake katika lugha ya biashara, na jina hilo si zawadi.

Mtakatifu aliyegeuzwa tangazo

Mzee wa ndevu za pamba na kanzu nyekundu anayekaa milangoni mwa maduka makubwa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ana asili yake. Nikolao alikuwa askofu wa Mira, katika nchi ya Uturuki ya leo, karne ya nne. Masimulizi ya kale yanasema alirusha dhahabu usiku katika nyumba ya baba maskini mwenye mabinti watatu, ili wapate mahari na wasiuzwe katika maisha ya aibu. Alitoa kwa siri. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, na kwa karne nyingi amehesabiwa kuwa msimamizi wa mabaharia, watoto na pia wafanyabiashara.

Waholanzi walimwita Sinterklaas. Huko Marekani jina likawa Santa Claus, na shairi lililochapishwa mwaka 1823 likampa kigari kinachovutwa na kulungu. Kuanzia mwaka 1931 matangazo ya Coca-Cola yakaisambaza duniani sura ya mzee mnene mwenye kicheko. Hivyo ndivyo askofu aliyetoa usiku bila kuonekana alivyogeuzwa mtu wa kutuhimiza kununua mchana mbele ya watu. Wafanyabiashara, ambao yeye ni msimamizi wao, wana haki ya kumdai arudishwe.

Jirani anayefunga wakati wewe unachinja

Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Kumbukumbu ya zamani zaidi inayojulikana ya sikukuu hii kuadhimishwa Desemba 25 inatoka Roma, mwaka 336. Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea, pamoja na Wakoptiki wa Misri, wanaofuata kalenda nyingine, husherehekea Januari 7.

Kwa mfanyabiashara wa Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, tofauti hii si ya vitabuni. Upande mmoja Wakristo wanachinja; upande wa pili Waorthodoksi bado wako katika mfungo wa zaidi ya siku 40, bila nyama, maziwa wala mayai. Wao wanaingia kwenye sikukuu kwa kupunguza, sisi tunaingia kwa kuongeza. Hata hivyo Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri nao wana majuma manne ya Majilio, ambayo zamani yalikuwa muda wa toba na kungoja. Siku hizi majuma hayo yamemezwa na ofa za maduka. Anayetaka kuirudisha maana ya Krismasi aanze hapo, kwa kuacha kitu kimoja na kukiweka akiba kwa ajili ya asiye nacho.

Mahubiri kwa watoza ushuru

Katika mwaka mmoja kati ya mitatu, makanisa mengi husoma Jumapili ya tatu ya Majilio habari za Yohana Mbatizaji akijibu maswali ya umati. Watu wanamuuliza: tufanye nini? Mwenye nguo mbili anaambiwa ampe asiye na nguo. Watoza ushuru wanaambiwa wasitoze zaidi ya kiwango kilichopangwa. Askari wanaambiwa wasimnyang'anye mtu kwa vitisho, na waridhike na mshahara wao.

Ni vigumu kupata mahubiri ya Krismasi yanayofaa zaidi mpakani. Yohana hakumwambia mtoza ushuru aache kazi. Alimwambia aifanye bila wizi. Baadaye Yesu mwenyewe alimwita Mathayo akiwa ameketi mahali pa kutoza ushuru huko Kapernaumu, mji wa kando ya ziwa uliokuwa karibu na mpaka wa maeneo ya watawala wawili. Mmoja wa wale Kumi na Wawili, basi, alitoka mpakani.

Maneno hayo yana upande wa pili, wa mfanyabiashara. Msimu huu vishawishi ni vingi. Kuna gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu ili mkulima alipwe gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Tanzania sheria ya vipimo inaweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia. Kenya gunia la viazi limewekewa kilo 50. Kuna debe lililobonyezwa chini. Kuna bei inayopandishwa tarehe 23 kwa sababu tu mama wa watoto watano hana pa kwenda. Nabii Amosi, karne nyingi kabla ya Bethlehemu, aliwakemea wafanyabiashara waliotamani sikukuu ipite upesi ili warudi kwenye kibaba kidogo na mizani ya udanganyifu. Hakuwakemea kwa kuuza. Aliwakemea kwa kuuza kwa hila.

Kuna pia njia za panya. Wengi huzitumia kwa kudhani kwamba njia halali ni ya wenye malori. Utaratibu wa Jumuiya unamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, kupata cheti kilichorahisishwa cha uasilia wa bidhaa palepale mpakani na kutolipa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani zinaweza kudaiwa, lakini mwenye cheti mkononi hana sababu ya kumhonga mtu wala kuvuka mto usiku na mtoto mgongoni.

Hesabu ya Januari

Gharama ya Krismasi ya kuonyeshana huonekana Januari, mwezi ambao Wakenya wameubatiza Njaanuari. Tuseme mama ana mtaji wa shilingi 800,000 za Tanzania, na kila safari humpa faida ya asilimia 10. Desemba anachota 300,000 kutoka kwenye mtaji ili watoto wavae kama wa jirani na wageni wasiondoke na njaa. Anabakiwa na 500,000. Ili arudi alipokuwa, anahitaji safari tano mfululizo bila kula hata senti moja ya faida. Wakati huohuo shule zimefunguliwa, na sare, madaftari na michango vinamngoja. Hapo ndipo mkopo wa riba kubwa hubisha hodi, na hapo ndipo biashara nyingi ndogo hufa zikiwa bado changa.

Kanuni yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuishika: sikukuu ile faida, isile mtaji. Vikoba na vyama vingi vya kina mama hugawana akiba Desemba. Fungu la ada litengwe kwanza, la mtaji la pili, na sikukuu ipewe kinachobaki. Watoto wakiuliza, waambiwe habari ya njiwa wawili. Hakuna mtoto aliyewahi kudharauliwa na Mungu kwa kuvaa gauni la mwaka jana.

Kibanda cha jirani

Sokoni hatuko Wakristo peke yetu. Waislamu wanamheshimu Isa bin Maryamu, na mama yake ana sura yenye jina lake katika Kurani. Katika masoko mengi ya mpakani, Mwislamu hutazama kibanda cha jirani yake Mkristo aliyekwenda kanisani asubuhi ya Krismasi, na siku ya Idi Mkristo hulipa wema huo. Hakuna mkataba ulioandikwa. Ni utangamano ambao hauhitaji kikao cha mawaziri.

Huo nao ni mfano wa kile ambacho Wakristo husema kilitokea Bethlehemu, kwamba Mungu alihamia kwa watu akawa jirani yao. Kwa hiyo kabla ya kufunga hesabu ya msimu, mfanyabiashara Mkristo ajiulize mambo matatu. Je, yuko mteja niliyempunja, ambaye bado naweza kumrudishia? Je, yuko mdaiwa ninayeweza kumsogezea siku hadi watoto wake waanze shule? Je, yuko mgeni au mkimbizi anayelala jirani na kituo, ambaye sahani moja ya pilau ingemfikia?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji mtaji mkubwa. Yanaweza kukamilika kabla ya jioni ya tarehe 24, na kibanda kikafungwa mapema ya kutosha ili mwenyewe awahi ibada akiwa na nguvu za kuimba.