Mwamba ngoma huvutia kwake: Mtoto hulijua hili lini?

Watoto wawili wanashindana mbio na kufika karibu pamoja. Mmoja anasema, "Nimeshinda mimi." Je, mwanao atamwamini?

Inategemea umri wake. Mwaka 2005, watafiti Candice Mills na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti waliotumia visa vya aina hii. Watoto wa chekechea walielekea kuamini kauli inayomnufaisha msemaji. Wa darasa la pili, wenye miaka 7 au 8, walianza kuitilia shaka.

Hata hivyo, kutilia shaka si kuelewa. Walipotafuta sababu ya kauli isiyo sahihi, wadogo waliona uongo upesi kuliko upendeleo. Waliofika miaka 11 au 12 ndio waliokubali zaidi kuwa mtu anaweza kuvutia kwake bila kukusudia kudanganya.

Kwa mzazi, jambo hili lina uzito. Mtoto wa miaka 5 anaweza kumwamini muuza pipi anayemwambia zinaongeza nguvu, au mtu mzima anayemwambia, "Hii ni siri yetu." Usitegemee atagundua nia yao. Mlinzi ni wewe. Mzoeze kukueleza kila siri anayoambiwa asiiseme nyumbani, na akikueleza usimgombeze.

Wa miaka 8 naye, kocha akimchagua mwanawe kuwa nahodha, anaweza kurudi akisema, "Kocha ni mwongo, ananichukia." Usimkatize. Muulize kwanza, "Alifanya nini? Alisema nini?" Kisha, "Unadhani anadanganya, au anamwona mwanawe kwa jicho la mzazi?" Swali hilo humpa mtoto njia ya tatu kati ya uongo na chuki.

Akifika miaka 11, mgeuzie kibao: "Ungekuwa refa na mdogo wako anacheza, ungeamuaje?" Nawe ukiamua ugomvi wa wanao, kiri mbele yao kuwa hata mama huweza kuvutia upande mmoja.

Lakini kumbuka, si kila lalamiko ni la kufikirika. Mtoto anayerudia kusema anachukiwa, kisha akakosa usingizi, akaacha kula au akakataa shule, huenda anaonewa kweli. Fuatilia shuleni, na umlete kituo cha afya azungumze na mtaalamu.