Kuanza Karate Baada ya Miaka 50: Msuli Utawahi, Kano Itachelewa

Tuseme una miaka 52. Kila jioni ukitoka kazini unapita karibu na ukumbi ambako vijana waliovaa nguo nyeupe wanarusha mateke, na kila siku unajisemea moyoni, "Ah, ningeanza zamani." Au pengine si wewe, ni mama yako au mjomba wako. Swali ni lilelile: mwili wa umri huo unaweza kweli kujifunza karate, judo au taekwondo?

Jibu fupi: unaweza. Jibu refu ndilo tamu, maana mwili hauitikii mazoezi kwa kasi moja. Kuna sehemu inayowahi na kuna sehemu inayochelewa, na katikati ya hizo mbili kuna pengo. Watu huumia kwenye pengo hilo.

Tuanze na inayowahi, yaani msuli. Ni kweli kwamba umri unapokwenda misuli hupungua, na zinazopungua zaidi ni zile nyuzi za kasi, ambazo hurusha teke na pia hukudaka unapojikwaa kwenye ngazi. Lakini msuli ni msikivu hata uzeeni. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kikundi kidogo sana cha wazee waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Walinyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama mtu wa miaka 90 anaweza hivyo, wa 52 asilete visingizio!

Tena wiki za mwanzo nguvu nyingi hata hazitokani na msuli mpya. Ubongo na neva vinajifunza kuamsha nyuzi ambazo zilikuwepo muda wote, ila zilikuwa zimelala. Ndiyo maana baada ya mwezi mmoja tu unajisikia mtu mwingine kabisa.

Sasa tuje kwa inayochelewa. Kano ni ule utando mgumu, kama kamba, unaounganisha msuli na mfupa. Ishike ile iliyo juu ya kisigino chako, nyuma ya mguu, uisikie. Kila ukiruka kamba, kila ukisukuma ardhi kurusha teke, mzigo wote unapita hapo. Mzigo huo unaweza kuwa mara kadhaa ya uzito wako.

Habari yake ilijulikana kwa njia ya ajabu kidogo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio, na kiasi cha kaboni-14 hewani kikapanda hadi karibu mara mbili. Baada ya mkataba wa 1963 kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea iliivuta kaboni hiyo, sisi tukaila kwenye chakula, na mwili ukaitumia kujengea. Kwa hiyo tishu ya mtu aliyeishi kipindi kile ina kitu kama muhuri wa tarehe. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walisoma muhuri huo kwenye kano za kisigino. Waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa katika miaka 17 hivi ya mwanzo ya maisha, na baada ya hapo hakibadilishwi kwa kiasi cha kutajika. Msuli wa watu haohao, kinyume chake, ulikuwa unajikarabati muda wote.

Maana yake, kamba unayoiomba ikubebe leo kwenye mateke ni ileile uliyoenda nayo sekondari. Hii haina maana kwamba imekufa. Wazee wa miaka ya sabini waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 14 walionekana kano zao za goti zimekazika zaidi. Inaitikia, ila kwa mwendo wa konokono, na inataka mzigo mzito unaokwenda taratibu kuliko mishtuko ya kurukaruka.

Basi ona hatari ilipo. Mwezi wa pili au wa tatu misuli inakwambia "twende," pumzi imefunguka, mwalimu anakusifu, nawe unaanza kuruka na vijana wa miaka 20. Kano bado haijafika huko. Kwa maoni yangu, anayeanza ukubwani atumie miezi mitatu ya mwanzo bila mateke ya kuruka wala mashindano ya kupigana. Ahudhurie siku mbili au tatu kwa wiki zenye mapumziko katikati. Nyumbani asimame kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, apande kwa sekunde tatu na ashuke kwa sekunde tatu. Haivutii kuitazama, najua.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawaliulizi: dawa. Siprofloksasini, ile tunayoiita "sipro" na tunayopewa mara nyingi kwa taifodi au maambukizi ya mkojo, iko kwenye kundi la antibayotiki linaloweza kudhoofisha kano hadi ikachanika. Hatari hupanda zaidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba unafanya karate, na mazoezi yasubiri. Mwenye presha, kisukari au mifupa iliyodhoofika naye aanzie kwa daktari kabla ya ukumbini.

Na faida? Kubwa kuliko zote kwangu si teke, ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka. Jigoro Kano (jina tu limegongana, hahusiani na kano za mwili) alipoanzisha judo Tokyo mwaka 1882, kuanguka kwa usalama kulikuwa miongoni mwa misingi yake: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono mzima ukipiga mkeka. Fizikia yake ni nyepesi. Pigo lilelile likitawanywa kwenye eneo kubwa na kwa muda mrefu zaidi, hakuna sehemu moja inayolipokea lote. Mtu mzima aanze akiwa amekaa chini, kisha akichuchumaa, na kusimama kuje baadaye sana.

Asiyetaka kubwagwa kuna tai chi. Huko Oregon, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia watu 670 wenye miaka 70 na zaidi waliokuwa hatarini kuanguka. Waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliojinyoosha tu.

Ukishaanza, kipimo chako ni hatua za kwanza asubuhi, kutoka kitandani kwenda chooni. Kisigino kikiwa kimekakamaa au kinauma, na maumivu yanaachia ukishatembea kidogo, kano inakwambia mazoezi ya jana yalizidi. Siku hiyo nenda ukumbini kama kawaida, fanya mikono tu, na mwambie mwalimu sababu.